Ufasaha wa Kiingereza na Ubora wa Utunzi: Amos Tutuola mbele ya Wasomaji Wake

Neno fasihi, ambalo ndilo jina la taaluma nzima ya uhakiki katika Kiswahili, lina asili moja na neno ufasaha. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu usemi ulio wazi, safi na usio na kasoro. Waarabu wenyewe hutumia istilahi nyingine, adab, ambayo inagusa pia malezi na mwenendo mwema. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili aanzapo kazi yake huwa tayari amekwisha kupewa, na lugha yenyewe, dai ambalo hajalithibitisha: kwamba sanaa bora ya maneno ni ile iliyosemwa kifasaha. Dai hili halina madhara makubwa pale mtunzi anapoandika kwa lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Lakini Afrika ya karne ya 20 ilizaa watunzi wengi walioandika kwa lugha waliyofundishwa darasani kwa miaka michache, wakaacha shule kabla lugha hiyo haijawakaa vyema. Kazi zao zipimwe kwa mizani gani? Makala haya yanalifuatilia swali hilo katika kisa kimoja, cha Amos Tutuola wa Nigeria, na mabishano yaliyozuka kumhusu tangu mwaka 1952.

Tutuola alizaliwa mwaka 1920 mjini Abeokuta, katika nyumba ya Wakristo wa Kiyoruba waliolima kakao. Masomo yake yalikuwa ya kuungaunga; kwa jumla alikaa shuleni kiasi cha miaka sita, na baba yake alipofariki mwaka 1939 hapakuwa tena na wa kumlipia karo. Akajifunza uhunzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya kufua shaba katika jeshi la anga la Uingereza mjini Lagos, na baada ya vita akapata kazi ya utarishi katika Idara ya Kazi ya serikali ya kikoloni. Kazi ya tarishi ni kungojea. Akingojea kutumwa, aliandika hadithi kwa kalamu ya risasi kwenye vipande vya karatasi za ofisi.

Mswada wake wa kwanza, The Wild Hunter in the Bush of the Ghosts, aliupeleka London mwaka 1948 kwa wachapishaji wa vitabu vya upigaji picha, akiwaahidi picha za mizimu. Picha hizo zilikuwa za michoro ya mkono iliyopigwa kwa kamera. Kisa hiki huchekesha, na wahakiki wengi wamekisimulia ili kichekeshe. Hata hivyo kinadhihirisha jambo la maana: mtu huyu hakuwa na jirani wa kumweleza nani huchapisha nini. Alikuwa nje kabisa ya jamii ya waandishi. Mswada wa pili aliutuma kwa jumuiya ya Kikristo ya uchapishaji, nayo, ingawa haikuweza kuuchapisha, iliufikisha kwa Faber and Faber, kampuni ambayo mshairi T. S. Eliot alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Kitabu kilitoka mwaka 1952 kwa jina refu: The Palm-Wine Drinkard and His Dead Palm-Wine Tapster in the Deads' Town.

Faber and Faber walirekebisha kiasi, wakaacha mengi. Kisha wakafanya jambo la ajabu: katika toleo la kwanza walichapisha picha ya ukurasa mmoja wa mswada wenyewe, pamoja na masahihisho ya mhariri juu yake. Bila shaka walitaka kumhakikishia msomaji kwamba Mwafrika huyu yupo na kwamba maneno ni yake. Lakini yafaa kuuliza ni mwandishi gani wa Kiingereza, awe mbovu wa tahajia kiasi gani, aliyewahi kuanikiwa makosa yake ndani ya kitabu chake mwenyewe. Tangu siku hiyo Kiingereza cha Tutuola kilikuwa maonyesho kabla hakijawa usimulizi.

Mapokezi ya London yalikuwa ya shangwe. Mwezi Julai 1952 mshairi Dylan Thomas alikisifu kitabu hicho katika gazeti la The Observer, akakielezea Kiingereza chake kuwa kichanga. Kilipochapishwa Marekani mwaka 1953, Anthony West, akiandika katika The New Yorker, alidai kwamba msomaji hapa anauona mwanzo wenyewe wa fasihi. Sifa hizi zichunguzwe kwa makini. Kuita Kiingereza cha mtu mwenye umri wa miaka 32 kichanga ni kumsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Na kusema kwamba kitabu kilichoandikwa Lagos, mjini penye reli, magazeti na mahakama, ni mwanzo wa fasihi, ni kuufuta mkabala mzima wa masimulizi ya Kiyoruba yaliyokuwako kabla yake. Mwaka 1938 D. O. Fagunwa alikuwa amekwisha kutoa riwaya yake ya wawindaji na mizimu, Ogboju Ode ninu Igbo Irunmale, kwa Kiyoruba kilichosifiwa kwa umbuji wake. Wasomaji wa London hawakuijua, kwani Wole Soyinka hakuitafsiri kwa Kiingereza hadi mwaka 1968.

Wasomaji wa Nigeria, kwa upande wao, walikasirika. Katika barua zilizochapishwa na jarida la West Africa mwaka 1954, ilidaiwa kwamba kitabu hakikustahili kuchapishwa. Kwamba lugha yake si Kiingereza, wala si ile lahaja ya mitaani ambayo angalau ina utaratibu wake. Na kwamba Wazungu wanakisifu kwa sababu kinawapa Mwafrika wanayemtaka. Ni rahisi leo kuwacheka waandishi wa barua hizo. Wengi wamefanya hivyo, huku wakijihesabu kuwa werevu zaidi. Lakini hasira ile ilikuwa na mantiki yake. Chuo Kikuu cha Ibadan kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1948. Uhuru ulikuwa unadaiwa kwa hoja, na hoja zilitolewa kwa Kiingereza mbele ya watu ambao kila kosa la sarufi kwao lilikuwa ushahidi kwamba Waafrika bado hawajakomaa. Kijana aliyetumia miaka kumi akijifunza kutofautisha nyakati za vitenzi vya Kiingereza, akijua kwamba cheo, mshahara na heshima yake vinategemea tofauti hizo, hangeweza kufurahi kuona tarishi asiyezijua akipewa taji jijini London. Tena, alikuwa sahihi kuhusu sababu za baadhi ya sifa zile. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kubwa: alikubali kwamba suala ni Kiingereza. Hapo yeye na Anthony West walikuwa upande mmoja.

Ni nini basi kilichomo katika lugha hiyo? Msimulizi ni mtu ambaye tangu akiwa na umri wa miaka kumi hana shughuli ila kunywa tembo. Baba yake amemkatia shamba lenye michikichi 560,000 na kumwajiri mgema amgemee vipipa 150 asubuhi na 75 jioni. Mgema anaanguka mtini na kufa, tembo linakatika, marafiki wanatoweka, na mlevi anaondoka kumfuata mgema wake katika mji wa wafu. Neno drinkard lililomo katika jina la kitabu halimo katika kamusi za Kiingereza sanifu. Mwalimu angelipiga mstari mwekundu. Lakini Kiingereza sanifu kinamlazimisha mtu achague kati ya mnywaji, asiyelaumika, na mlevi, aliyekwisha kuhukumiwa. Naye shujaa wa Tutuola si huyu wala si yule. Kunywa ndiyo kazi yake, kwa maana ileile ambayo Mswahili husema kwamba kazi ya fulani ni kulala. Neno ambalo halikuwako limekaa mahali ambapo palikuwa wazi.

La kushangaza zaidi ni tarakimu. Kila kitu katika safari hii ya ajabu kimepimwa: maili, saa, bei. Mlevi na mkewe wanapoingia katika mti wa mkaazi mmoja wa msituni, wanamwuzia kifo chao mlangoni kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na kumkodisha hofu yao kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Kwa kuwa wameuza kifo, hawawezi tena kufa. Kwa kuwa hofu wameikodisha tu, wataichukua tena watokapo, na katika mikasa ya baadaye wanaogopa ingawa hawafi. Utaratibu mzima wa hadithi umejengwa juu ya tofauti ya kisheria kati ya kuuza na kukodisha. Huyu si mtu asiyejua anachokisema. Hiki ni Kiingereza cha stakabadhi, cha daftari la mshahara, cha barua ya idara. Ndicho Kiingereza alichokisikia tarishi kila siku, akakiingiza msituni. Vivyo hivyo yule bwana mzuri aliyeazima viungo vya mwili na kuvirudisha kimoja kimoja njiani hadi akabaki fuvu tupu, amesifiwa uzuri wake kwa kiwango ambacho msomaji hawezi kukipata katika ngano ya bibi yeyote: uzuri ambao hata marubani wa vita wangeuona wasingeangusha mabomu mahali alipo. Mfua shaba wa jeshi la anga ndiye aliyeiandika sentensi ile. Mwaka 1954, katika My Life in the Bush of Ghosts, Tutuola aliweka televisheni katika kiganja cha mzimu wa kike, miaka mitano kabla ya kituo cha televisheni kufunguliwa Ibadan.

Mwanaisimu Adebisi Afolayan alionyesha mwaka 1971 kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa makosa hufuata sarufi ya Kiyoruba iliyovikwa maneno ya Kiingereza. Ugunduzi huo ni wa thamani, ila usitumiwe kusafisha kila kitu. Zipo sentensi za Tutuola ambazo zimechanganyikiwa tu. Zipo kurasa ambazo viwakilishi vyake havijulikani vinamrejelea nani, na viunganishi vinarundikana hadi msomaji anachoka, wala uchovu huo haumwongezei chochote. Mhakiki mwaminifu hana budi kulisema hili. Kinachokataliwa hapa ni hatua ya pili, ile inayodhani kwamba anayehesabu kasoro za namna hii amekwisha kukihakiki kitabu.

Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alikumbusha baadaye katika Decolonising the Mind (1986) kwamba kwa sharti la mkutano ule Shaaban Robert hakustahiki kualikwa, wala Fagunwa, kwa kuwa hawakuwa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Hoja ya Ngũgĩ inajulikana sana. Lililosahauliwa ni kwamba Tutuola, ambaye sharti lile lilimruhusu kabisa, naye hakuwako. Mwaka 1963, katika toleo la 10 la jarida la Transition lililochapishwa Kampala, Obi Wali aliandika kwamba vitabu vya Tutuola viliachwa nje ya mjadala kwa makusudi, na akatoa sababu: kwamba Tutuola alipata sifa ng'ambo kwa Kiingereza ambacho si cha Ibadan wala si cha Makerere. Yaani palikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulimfungia nje asiyeandika Kiingereza. Wa pili, usioandikwa popote, ulimfungia nje aliyekiandika bila kupitia chuoni. Makala ya Wali hukumbukwa kwa wito wake kwamba fasihi ya Afrika iandikwe kwa lugha za Kiafrika. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba wito huo ulitanguliwa na utetezi wa tarishi wa Lagos.

Katika Afrika Mashariki utetezi wa moja kwa moja ulitoka kwa Taban lo Liyong, ambaye insha yake juu ya Tutuola imo katika The Last Word, kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1969. Taban alikuwa amesomea Iowa, na Kiingereza hakikumpa taabu; alimtaka msomaji akubali kwamba sarufi imevunjwa, kisha aulize swali linalofuata, la upeo wa mawazo. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka 1968 yeye, Ngũgĩ na Owuor Anyumba walikuwa wametoa hoja mashuhuri ya kuifuta Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi na kuweka mahali pake idara ambayo Afrika ingekuwa kitovu chake. Hata hivyo insha ya Taban haikuzaa mkondo wa uhakiki. Mitaala ilibadilika, waandishi waliosomwa wakabadilika. Kalamu nyekundu ikabaki mikononi mwa mwalimu yuleyule. Ngũgĩ amesimulia jinsi, katika enzi ya ukoloni, mwanafunzi mwenzake aliyefaulu vizuri katika masomo mengine yote alivyohesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima kwa kukosa Kiingereza, akaishia kuwa utingo wa basi. Masharti yamelegezwa tangu wakati huo, lakini msomi gani wa Kenya asiyejua ladha ya jambo hilo?

Wakati chuoni watu wakibishana kuhusu Tutuola, jamii nzima ya watunzi ilikuwa ikiandika bila kuuliza ruhusa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi vita vya Biafra (1967-1970), wachapishaji wadogo wa soko la Onitsha, kando ya mto Niger, walitoa vijitabu vya mapenzi, nasaha na tamthilia, vilivyoandikwa na makarani, walimu wa msingi na wanafunzi, na kununuliwa na watu wa namna hiyohiyo. Emmanuel Obiechina alivichambua katika kitabu chake cha mwaka 1973. Kiingereza chao ni cha viwango vyote. Kinachovutia ni kwamba watunzi hao walilijua suala la ufasaha na kulifanya mada. Katika Veronica My Daughter ya Ogali A. Ogali (1956) baba, Chief Jombo, anazungumza Kiingereza cha mitaani, na watu wanamcheka. Lakini yumo pia Bomber Billy, anayerusha maneno marefu ya Kilatini asiyoweza kuyabeba, naye anachekwa vilevile. Hadhira ya soko, ambayo yenyewe ilikuwa ikijifunza Kiingereza, ilitambua kwamba ufasaha wa kujionyesha ni ulemavu wa usemi kama vile ukosefu wake. Barua za mwaka 1954 hazikulifikia jambo hili. Sehemu kubwa ya vijitabu vya Onitsha ni dhaifu kisanaa, lakini si kwa sababu ya sarufi. Ni dhaifu kwa sababu vinarudia visa vilevile na nasaha zilezile. Vipo vilivyoandikwa kwa Kiingereza safi ambavyo ni vibovu kuliko vyote.

Uhakiki wa Kiswahili haupo nje ya kesi hii, ingawa hupenda kudhani kwamba umekaa barazani ukitazama. Tangu Kiunguja kifanywe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ipewe kazi ya kukilinda, kanuni ya usahihi imeweza kumgeuza fasaha kuwa mkosaji. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyotungwa gerezani kwa Kimvita, ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mwanafunzi atakayeandika mtihani wake kwa umbo la maneno yaliyomo katika diwani hiyo atapunguziwa alama. Hapa ufasaha wa juu kabisa unashindwa na usanifu. Kwa Tutuola ukosefu wa usanifu ulichukuliwa kuwa ukosefu wa ufasaha. Ni mizani ileile inayopima.

Wapo waliojaribu baadaye kuivunja sarufi kwa hiari. Ken Saro-Wiwa, msomi wa Kiingereza wa Ibadan, aliita Sozaboy (1985) riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichooza, na ikapokewa kwa heshima. Inastahili. Lakini msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwandishi angeweza kuandika vinginevyo, na ujuzi huo humtuliza. Tutuola hakuwa na cheti cha kumkinga. Ilisemekana kwamba baada ya kupata umaarufu alikwenda masomo ya jioni kurekebisha Kiingereza chake, na baadhi ya waliompenda wakahuzunika wakihofu kwamba ataharibika. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mgema huyu alilaumiwa kwa kutaka kulichuja. Vitabu vyake vilivyofuata, kuanzia Simbi and the Satyr of the Dark Jungle (1955), vilipokewa London kwa ubaridi uliozidi kukua. Mgeni alikuwa amekwisha kuzoeleka.

Njia moja ya kulijaribu dai kwamba nguvu ya kitabu, au udhaifu wake, umo katika Kiingereza chake ni kukiondoa Kiingereza hicho. Jambo hili lilifanyika mara mbili. Mwaka 1953 Raymond Queneau alikitoa kitabu kwa Kifaransa, L'Ivrogne dans la brousse, na ile sentensi ya kwanza, ambayo wakati wa kitenzi chake ulikuwa umewakera walimu wa Lagos, ilitoka ikiwa sahihi kwa Kifaransa. Uzuri wa fuvu na biashara ya kifo havikupotea. Kisha mwaka 1963 Kola Ogunmola na kikundi chake waliigiza hadithi hiyo kwa Kiyoruba katika Chuo Kikuu cha Ibadan, kwa nyimbo, ngoma na michezo ya mwili. Hadhira ya Ibadan ilikuwa na watu ambao miaka tisa kabla walisoma barua za West Africa na yamkini kuzikubali. Jukwaani hapakuwa na Kiingereza cha kukosolewa, na mlevi alipita kati ya mizimu akimtafuta mgema wake, wakamfuata.

Chinua Achebe alirudi Ibadan mwaka 1977 kutoa mhadhara juu ya kitabu hicho, akakisoma kama kazi yenye falsafa ya maadili kuhusu kazi na starehe, na kuhusu gharama ya mtu kuishi kwa kunywa tu. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Ife kilimwalika Tutuola kuwa mtafiti mgeni, na mwaka 1983 alikaa Iowa katika programu ya kimataifa ya waandishi, mji uleule alikosomea Taban. The Wild Hunter in the Bush of the Ghosts, mswada aliouambatanisha na picha za mizimu mwaka 1948, ulikuwa umechapishwa mwaka mmoja kabla, 1982. Alifariki Ibadan mwezi Juni 1997.